Dona Ercília Muniz na Miaka Thelathini na Sita ya Maji Meusi

Inatangazwa kwa wafanyakazi wote, kwa wageni, na kwa yeyote anayehusika, kwamba kuanzia saa kumi na moja jioni ya Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025, kulabu namba saba katika baraza ya mbele ya Kituo cha Utafiti cha Boqueirão Velho, ile ya mwisho karibu na mtungi wa maji, itakuwa wazi. Maombi ya kutundika kofia hapo hayajafunguliwa. Yatakapofunguliwa, Kamati ya Kulabu, yenye wajumbe wawili ambao hawajasalimiana tangu Pasaka, itatoa maelekezo kwa maandishi.

Kulabu inaachwa kwa sababu mwenye kofia anastaafu. Naye ni Dona Ercília Muniz, aliyeanza kazi hapa tarehe 1 Machi 1989 na kutumikia miaka thelathini na sita na miezi sita kasoro siku tatu. Hizo siku tatu anasema ametuachia, tuzitumie kujifunza kupanga vikombe.

Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu mbili. Ya kwanza, katika waliobaki mimi ndiye niliyefanya naye kazi muda mrefu zaidi. Ya pili, mwenzetu wa maktaba, ambaye anajua kuandika, yuko likizo.

Mtu hawezi kuandika wasifu bila kufungua jalada, kwa hiyo katikati ya Julai nililifungua. Ni jembamba ajabu. Kuna barua ya ajira, cheti cha huduma ya kwanza, na barua moja ya onyo ya Mei 2003. Karatasi hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa inamwandaa Dona Ercília aondoke hapa na cheo kilekile alichopewa mwaka 1990: Msaidizi wa Uwandani, Daraja la Pili. Mwanamke aliyewafundisha miti madaktari kumi na wanne wa botania alikuwa anakwenda nyumbani akiwa msaidizi wa daraja la pili, na zilibaki wiki sita. Nitaifikia barua hiyo. Kwanza tumsifu mtu.

Alizaliwa mwaka 1962, umbali wa mwito mmoja kutoka hapa, ukingoni mwa msitu wa caixeta. Baba yake alikata caixeta, ule mti mwepesi wa majini, na kuuza magogo kwa kiwanda cha penseli. Dona Ercília hupenda kulieleza hili mbele ya wanafunzi wetu wa chuo kikuu. Huwaambia, "Watoto wa jimbo hili lote walijifunza kuandika kwa mbao za baba yangu. Mimi tu ndiye sikujifunza. Darasa la nne nilitolewa nikamshikie baba ncha ya pili ya msumeno." Kisha huongeza, "Haya, andikeni."

Kituo kilimwajiri kama mpishi, kwa miezi mitatu. Wataalamu wa wakati ule walikuwa na tabia, ambayo hatujaiacha, ya kuleta matawi mezani na kubishana huku maharage yanapoa. Wiki ya pili, Dona Ercília alikuwa anapakua wali. Mabwana wawili walikuwa wamefikia hatua ya kutajiana vyuo walivyosoma, kila mmoja akishikilia jina lake la Kilatini. Akainua jani kutoka ukingoni mwa sahani, akalivunja kikonyo, akalinusa.

"Hamna aliyepata," akasema. "Huyu ni guanandi bado mdogo. Angalieni maziwa yake, ya njano. Nani hajapewa wali?"

Walikwenda kuangalia. Alikuwa guanandi, ndugu wa mtondoo, na bado mdogo. Mwaka uliofuata alihamishiwa uwandani, na tangu siku hiyo chakula cha kituo hakijapona.

Anavyoijua misitu yetu ya kinamasi si rahisi kumweleza mtu ambaye hajawahi kumfuata humo akiwa na tope hadi mapajani. Sisi tulisomea majina ya mimea. Yeye anajua nani anakaa na nani. Pwani hii imejengwa kwa mchanga mtupu, matuta marefu ya mchanga mweupe yaliyopangana sambamba na bahari. Juu ya tuta kuna msitu mkavu. Kwenye bonde kati ya tuta na tuta, maji meusi kama kahawa yamekaa juu ya mchanga uleule, na hapo wamehamia watu wengine kabisa. Tofauti ya kimo kati ya juu na chini haifiki goti la mtu mzima.

"Nusu mita tu," huwaambia wageni, "na mtaa mzima unabadilika." Kisha huwatambulisha mmoja mmoja kama mtu anayepita na mgeni nyumba hadi nyumba. Caixeta hukaa penye maji yasiyotoka. Ukimkata hanuni, anachipua shina tatu. Guanandi anataka maji yanayokuja na kuondoka. Mchikichi wa juçara husimama ukingoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, "kama mume wangu kwenye mlango wa kanisa." Chini, kangaga. Juu, mananasi-mwitu yamepanda kwenye matawi na kujaza maji kwenye makwapa ya majani, na vyura wamepanga humo bila kulipa chochote. Mtu akimaliza ziara hiyo hatasahau mpangilio wa mimea ya kinamasi cha mchanga maisha yake yote. Mimi nilikuwa nimeusoma miaka minne, nikasahau mara mbili.

Kuna profesa mmoja kutoka mji mkuu wa jimbo ambaye sitamtaja jina, kwa kuwa ndiye anayepitisha maombi yetu ya vifaa. Alisikia sifa za Dona Ercília akaamua kuzipima. Alipomaliza kukusanya sampuli zake arobaini za siku ile, alichomeka katikati jani moja alilokuja nalo kutoka mjini, lililofanana sana na la canela, mti wa hapa wa jamii ya mdalasini. Dona Ercília alizipitia zote barazani, moja baada ya nyingine, akitaja. Alipofika kwenye lile, alilikunja, akalinusa, akalitafuna ncha, akalitema kwa adabu upande wa bustani.

"Huyu hajawahi kukanyaga maji, Profesa," akasema. "Huyu ni mtoto wa mjini. Anamwagiliwa na bomba, tena bomba lenyewe lina dawa."

Profesa aliinama akafunga kamba za viatu vyake, ambavyo havikuwa na kamba.

Wezi wa juçara nao wana la kusimulia. Mwaka 2011 tulikutana na vijana watatu wameshaangusha michikichi minne ili wachukue mioyo yake laini, inayouzwa kwa chakula, na aliye mbele alikuwa na shoka. Mimi, kama mkuu wa msafara, nilichukua uamuzi wa haraka wa kusimama nyuma ya Dona Ercília.

"Wewe," akamwambia mwenye shoka, "wewe si mtoto wa Hilária wewe? Shusha hilo shoka nikuone mikono. Mama yako anajua uko huku na suruali ya kanisani?"

"Dona Erci, tunapita tu."

"Mnapita na michikichi minne? Haya, ibebeni mpaka kituoni, mkapitie na huko."

Waliibeba. Mmoja wao leo ni mlinzi wetu wa zamu ya asubuhi, na ndiye aliyechangia keki ya sherehe.

Siku yangu ya kwanza hapa ilikuwa Juni 2001. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, shahada mpya, na viatu vya ngozi ambavyo mama yangu kule mjini Registro alinisisitiza nivivae ili nionekane mtu. Baada ya hatua kama thelathini ndani ya kinamasi nilipata mahali pagumu nikasimama kwa fahari. Dona Ercília aligeuka akanitazama.

"Daktari, humu ndani ukiona umesimama vizuri, umeshapotea njia."

Nilikuwa nimesimama juu ya gogo lililooza. Liliachia. Kiatu cha kushoto bado kimo humo, na mwenyewe husema siku moja kitachipua.

Mafanikio yake nitayataja harakaharaka, maana hapendi yatajwe. Ana sampuli elfu mbili na mia tatu katika chumba chetu cha mimea mikavu, zote zikiwa na mwandiko wake wa duara. Nanasi-mwitu mmoja hakuwa amewahi kuandikwa na mtu yeyote, na yeye alimwona kwa sababu, kwa maneno yake, "alikuwa amekaa vibaya". Alimaliza sekondari akiwa na miaka arobaini na minne, dawati moja na binti wa jirani aliyekuwa akimnakilia hesabu, au kinyume chake, ushahidi haujakamilika. Na kila kiwanja cha kudumu cha utafiti tulichonacho ni yeye aliyekikatia njia.

Sasa nifike kwenye ile karatasi ya tatu.

Kila aliyefanya kazi hapa anajua kisa cha mwaka 2003, kwa kuwa ndicho mzaha wetu wa kwanza kwa mgeni. Februari mwaka ule vilipimwa vipimo vya kila baada ya miaka mitano kwenye kiwanja namba moja, hekta moja ya msitu wa caixeta na guanandi. Hesabu zilipojumlishwa, msitu ulionekana umekonda. Miti elfu moja na mia mbili na zaidi, na karibu yote imepungua unene kwa miaka mitano. Msitu unaopungua unene ni msitu unaokufa. Na mwaka ule kampuni moja ilikuwa imeomba kuchimba mchanga ulio chini yake. Kikao cha hadhara kilipangwa Agosti, na kauli ya kituo chetu juu ya afya ya msitu ndiyo ingeamua. Kisa kinavyosimuliwa ni kwamba Dona Ercília alikosea kipimo, akaja akakiri, akaandikiwa onyo, kisha akarudi kupima upya msimu wa maji machache na mambo yakanyooka. Msitu upo. Mchanga upo.

Mzaha pia ukabaki. Yeyote anayeongezeka uzito hapa kituoni huelekezwa kwa Dona Ercília. "Dona Erci, njoo unipime kiuno, wewe peke yako ndiye unayejua kukondesha!" Nimeusikia mezani, kwenye boti, kwenye harusi mbili. Yeye hucheka pamoja nao na kujibu, "Wewe mpaka nikuzungushie tepu mbili." Nami nimecheka. Nakiri nimecheka kwa sauti kuliko wengine.

Wengi hawakujua kwamba barua ya onyo haikuwahi kuondolewa. Cheo cha Mtambuzi wa Mimea kilipoanzishwa mwaka 2008, jina lake lilipelekwa likarudi. Likapelekwa 2015, likarudi. Likapelekwa 2019, likarudi. Sharti ni jalada safi. Mwaka 2015 mimi mwenyewe nilikuwa kwenye jopo. Tulisomewa kwamba mwombaji ana dosari moja ya zamani, na mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye swali. Niliangalia saa.

Julai hii, baada ya kuisoma barua hiyo kwa macho yangu, nilikwenda nyumbani kwa Dona Ercília. Alikuwa uani anapasua mkizi wa kuchoma, na mumewe, Seu Laudelino, alikuwa anachonga shingo ya fidla kwa kipande cha caixeta. Nilimwambia ninataka kuliandikia Baraza la Taasisi na kueleza yote, kisha nieleze humu pia. Seu Laudelino aliacha kuchonga. Dona Ercília aliendelea na samaki wake.

"Ulikuwa unangoja nini?" akauliza.

Nikasema sijui. Nikasema labda woga.

"Woga wa miaka ishirini na miwili! Huo si woga, daktari, huo ni uvivu." Akajaza samaki unga wa muhogo, akamfunga kwa uzi. "Andika. Ila usilielie humo ndani. Watu watakuwa wanakula."

Nikaandika kurasa nne. Baraza lilikaa tarehe 20 Agosti. Wajumbe wawili walisema kwamba kwa mtu aliyebakiza siku tisa jambo hili halina faida tena, na niliulizwa nina maoni gani. Safari hii sikuangalia saa. Kura zikawa nne kwa tatu. Barua yake ya onyo imefutwa, onyo langu mwenyewe limewekwa kwenye jalada langu, na kuanzia Jumatatu tarehe 25 Agosti Dona Ercília Muniz ni Mtambuzi Mkuu wa Mimea wa kituo hiki, cheo atakachokitumikia siku tano na kustaafu nacho.

Nilimpelekea habari mbio. Aliusoma uamuzi wote, hadi mihuri.

"Siku tano," akasema. "Basi hizo siku tano nitachelewa kazini, kama wakubwa wenzangu."

Jumatatu alifika saa moja kasoro robo, kama kawaida.

Dona Ercília, kituo kizima kinakushukuru. Tunakushukuru kwa njia ulizokata, kwa majina uliyotupa, na kwa kila mara uliyotuvuta kutoka kwenye tope bila kumwambia mtu. Nenda ukapumzike kwa afya. Kahawa yako ya maji ya miwa isikauke jikoni, fidla za Seu Laudelino zisiishiwe wachezaji, na magoti yako yasahau baridi ya kinamasi. Ukipita barabarani ukaona tumekosea, usipite.

Hapo ndipo wasifu wa kawaida ungekoma. Lakini kilichomo katika kurasa zangu nne kimesomwa na watu saba wa Baraza, na ule mzaha unajulikana na zaidi ya watu mia. Kwa hiyo ninaeleza hapa, kwa kila aliyeusikia, ilivyokuwa.

Februari 2003 tulikuwa wawili kiwanjani. Dona Ercília alizungusha tepu kwenye shina na kusoma kwa sauti. Mimi nilishika fimbo ya kipimo na kuandika. Fimbo hiyo ina urefu wa mita moja na sentimita thelathini. Unaisimamisha chini kando ya mti, na pale inapoishia ndipo tepu inapozungushwa. Mvua zilikuwa nyingi mwaka ule na maji yalifika mapajani. Ili kuifikisha fimbo chini inabidi uinamishe mkono ndani ya maji meusi, katikati ya mizizi, usikoona kitu, upekue tope mpaka uguse mchanga. Siku mbili kabla tulikuwa tumekutana na nyoka. Niliogopa. Nikawa naisimamisha fimbo juu ya uso wa maji.

Miti ya kinamasi huvimba sana chini na kuwa myembamba juu. Mimi nilikuwa nimepanda karibu nusu mita.

"Daktari," akasema kwenye mti wa pili, "mti hauanzi kwenye maji. Mti unaanza kwenye mchanga."

"Dona Ercília, tafadhali. Hiki ni kipimo cha kitaalamu."

"Na hii pete ya rangi ya zamani, mbona iko chini ya fimbo yako?"

Pete nyeupe za 1998, zilizopakwa pale tepu ilipozungushwa mwaka ule, zilikuwa zimefifia na kufunikwa na kuvumwani, lakini zilionekana. Nikamjibu kwamba waliotutangulia walipima chini mno. Ndivyo nilivyosema. Nikamwambia ashike tepu.

Mei, Dk. Brandalise, mkurugenzi wa wakati ule, aliniita nisaini taarifa. Kauli yake ilikuwa fupi: msitu umedhoofika. Nilikuwa nimeshashika kalamu Dona Ercília alipoingia bila kubisha hodi, mikono ina unga.

"Asisaini," akasema. "Miti haikondi, Mkurugenzi. Fimbo iliwekwa juu ya maji."

Mkurugenzi alitutazama mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa bado kwenye mikataba ya majaribio ya miezi sita sita, na mwezi uliotangulia alikuwa amemfukuza mwenzangu kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Nani alishika fimbo?"

Nilifungua mdomo. Nakumbuka niliufungua. Dona Ercília alikuwa anaangalia dirisha.

"Mimi," akasema.

Nikafunga mdomo. Barua iliandikwa siku hiyohiyo.

Nje, kando ya tangi la maji, nilijaribu kusema kitu na yeye akanikatiza. "Sikiliza. Vipimo vipya vinataka sahihi ya mtu mwenye shahada. Mimi ninayo? Wakikufukuza wewe leo, Agosti nani atasimama mbele ya wale watu wa mchanga? Nikisaini mimi, karatasi hiyo watafungia samaki. Kwa hiyo wewe nyamaza, ubaki na kazi yako. Na maji yakipungua, uje na viatu vinavyofungwa."

Julai, wakati wa likizo yake, tulipima upya siku kumi na moja. Yeye alishika fimbo. Alivua viatu, akatafuta mchanga kwa vidole vya miguu kwenye kila mti, hata ile iliyokuwa imebaki na maji ya kifundo tu, na akaniita nami niguse, mti baada ya mti, mpaka nikajua. Msitu ulikuwa umenenepa. Agosti nilisimama ukumbini kwenye kikao cha hadhara nikasoma hesabu hizo, zikapita, ombi la kuchimba likakataliwa, na watu wa kijiji wakanibeba juu. Dona Ercília alikuwa safu ya nyuma, anapiga makofi.

Ukienda leo kiwanja namba moja utaona kwenye miti ya zamani pete mbili za rangi, moja nyeupe na moja ya njano iliyofifia, karibu nusu mita juu yake. Wageni huuliza, na kwa miaka ishirini na miwili tumewajibu kwamba ile ya njano ni alama ya mafuriko ya 2003. Hakuna mafuriko yaliyowahi kuchora pete. Ile ya njano ni yangu. Niliipaka kwa mkono wangu, siku sita mfululizo, na kila asubuhi ya siku hizo sita Dona Ercília aliniambia kwamba nimekosea.

Nelson Hirata
Idara ya Mimea, Boqueirão Velho